Mgongo Wangu na Ndoo ya Bibi

Siku niliyoumia mgongo sikuanguka wala sikupiga kelele. Tulikuwa karakana, Keko, tunageuza ubao mrefu wa mninga juu ya benchi. Mwenzangu aligeukia kushoto, mimi nikageukia kulia, na kitu kikakaza pale chini mkanda wa suruali unapokaa, kama kamba iliyoloa maji. Niliushusha ubao taratibu. Nikasema naenda msalani. Nikakaa huko nimeshika ukuta mpaka wakaja kunigongea.

Ndivyo nilivyo. Jambo likinipata, najificha nalo kwanza. Shule niliishia darasa la saba, na katika miaka ile yote sidhani kama nilinyoosha mkono mara tano. Useremala ulinifaa kwa sababu hiyo. Unaweza kupiga randa kutwa nzima bila kuulizwa neno.

Nimepanga chumba Tandika, kwa bibi mmoja mjane. Wapangaji wenzangu wote ni wanawake. Jioni ile nilijitibu kama nilivyowaona wanaume wa kwetu wakijitibu tangu nikiwa mdogo. Nililala kifudifudi kwenye mkeka, nikamwomba mjukuu wa bibi, binti wa miaka sita, anikanyage mgongo. Alitembea kutoka mabegani mpaka kiunoni na kurudi, huku akitafuna karanga nilizomnunulia. Ukikanyagwa unapata raha. Ukiinuka unayakuta maumivu yamekusubiri palepale. Tuliendelea hivyo kila jioni kwa wiki tatu. Binti alinenepa kwa karanga, mimi nikaanza kutembea kwa kupinda, na maumivu yakashuka mpaka kwenye paja.

Fundi mkuu wa karakana yetu ni mzee asiyependa maneno mengi. Aliniangalia navyookota patasi sakafuni, napiga goti kwanza kama mtu anayetaka kuapa. Akaniita pembeni.

"Dogo, yale makabati sita ya mteja wa Kinyerezi yanatoka mwisho wa mwezi ujao. Siku hiyo nataka mtu kwenye kila kona. Ukiwa bado hivyo, hilo benchi nampa kijana wa Manzese. Kashakuja kuuliza mara mbili."

Nilitikisa kichwa kwamba nimeelewa. Benchi lile nilikuwa nimelifikia kwa miaka minne. Miwili ya kupiga msasa tu, mmoja wa msumeno, na huu wa nne ndio nilikuwa nimeaminiwa randa. Likiondoka, kilichobaki ni kubeba magunia sokoni, kazi ambayo mgongo wangu usingeimaliza hata wiki. Nilirudi nikaendelea kupiga randa ubao uliokuwa umeshanyooka tangu asubuhi.

Kesho yake nilikwenda hospitali. Nilipigwa picha, nikaambiwa mfupa ni mzima, nikapewa karatasi ya kwenda chumba cha mazoezi ya viungo. Nilidhani nitakuta vyuma vya kunyanyua. Nilikuta vitanda viwili, mikeka ya mpira, kioo kirefu, na mwanamke mnene wa makamo mwenye lafudhi ya kaskazini. Nilimwita dokta kwa kuwa sikujua niite nini, na hakunikosoa.

Nimewaona mafundi wengi, lakini mtu anayeangalia kama yule sijamwona. Karatasi yangu aliisoma mara moja. Namna nilivyovua viatu aliitazama mpaka nikamaliza. Alinitembeza, akanikalisha, akaniinamisha mbele, akaniambia nirudi nyuma mpaka pale nitakapoogopa. Hakusema mpaka pale nitakapoumia. Alisema nitakapoogopa, na kweli niliogopa kabla sijaumia. Kisha nikalala kifudifudi, akapitisha vidole gumba pembeni mwa uti wa mgongo, pingili kwa pingili, vile sisi tunavyopapasa ubao mkuukuu kutafuta msumari uliozama kabla hatujaweka randa. Alipoufikia ule msumari wangu hakubonyeza kwa nguvu. Alitulia juu yake. Akasubiri. Nikahisi nyama ikilegea chini ya kidole chake, taratibu, na nilikaribia kulia, wala si kwa maumivu.

"Misuli imekaza ili ikulinde," alisema. "Sasa imesahau kuachia. Hii mikono yangu itakupa nafuu ya leo na kesho, mdogo wangu. Nafuu ya mwezi ujao utaitafuta mwenyewe, kwa mazoezi. Na huyo mtoto aache kukukanyaga."

Sikuwa nimemwambia habari za mtoto. Alicheka. "Nyie wa huku wote mnakanyagwa."

Akanionyesha mazoezi matatu. La kwanza, unalala chali, magoti juu, unaugandamiza mgongo kwenye mkeka na kuuachia. La pili, hapohapo, unanyanyua makalio mpaka mapaja yanyooke, unahesabu, unashuka. La tatu, unapiga magoti na viganja chini kama mtoto anayetambaa, unaupandisha mgongo kama paka aliyeona mbwa, kisha unauachia ubonyee. Kumi kumi, asubuhi na jioni, kwenye sakafu ngumu. Na kutembea kila siku. Alinipa karatasi yenye michoro, kila zoezi na picha yake.

Sasa mtu ajaribu kunifikiria mimi, kijana pekee kwenye nyumba ya wanawake, mlango wangu una pazia la shuka, kila pumzi inasikika uani, halafu nanyanyua nyonga juu na kuzishusha. Siku ya kwanza nilifungua redio kwa sauti, nikafanyia juu ya godoro, lile la sponji lililobonyea katikati. Siku ya pili, mpangaji mwenzangu anayeuza vitumbua alifunua pazia kuomba kiberiti. Alinikuta kiuno kiko hewani.

"Samahani, braza," alisema kwa adabu sana, akalirudisha pazia.

Nikasikia hatua zake tatu. Ya nne ilikuwa kicheko, na kilifika mpaka kwa jirani. Kuanzia hapo sikufanya tena. Karatasi niliiweka chini ya godoro, nikaanza kujifunga kitambaa kiunoni, nikangoja siku ya kurudi hospitali kama vile mikono ya dokta peke yake ingetosha.

"Umefanya mara ngapi kwa siku?" aliniuliza.

"Mara mbili."

"Vizuri. Nionyeshe la tatu."

Nilishuka kwenye mkeka. Sikukumbuka viganja vinakaa wapi. Nilivisogeza mbele, nikavirudisha, nikabaki hivyo nimeinama, natazama viatu vyake. Hakunigombeza. Alichuchumaa, uso wake ukawa sawa na wangu.

"Unaishi na nani?"

"Wamama."

"Wangapi?"

"Watano."

"Aaa," alisema. Alielewa yote kwa neno hilo. "Basi niletee mmoja. Yule mwenye sauti."

Mwenye sauti ni bibi mwenye nyumba. Ni mwenyeji hasa wa pale, watu wake wamezikwa palepale Temeke kabla ya lami. Mtaani wanamheshimu kwa kazi moja: ni somo. Wasichana wakivunja ungo, au wakikaribia kuolewa, wazazi wao humwita akawafunde. Wanaofundwa hufungiwa ndani na wanawake, na sisi wanaume tunasikia ngoma tu. Kwamba wanafundishwa kukata kiuno kila mtu anajua. Zaidi ya hapo hatujui, na haitakiwi tujue.

Sikuweza kumweleza kwa mdomo. Nilitoa karatasi chini ya godoro nikampa. Bibi hajui kusoma, lakini michoro aliitazama muda mrefu, akaiweka mbali na macho, akaileta karibu.

"Hizi picha nani kakupa?"

"Hospitali, bibi."

"Hospitali wanafundisha haya?"

"Ndiyo."

"Wanaume?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Bibi akakunja karatasi, akaitia kwenye pindo la kanga. "Twende nikamwone huyo somo mwenzangu," alisema.

Alivaa doti mpya ya kanga na kujitia manukato kama anayekwenda harusini. Dokta alipomwona alimwamkia kwanza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huyu kijana wangu mnamfundisha nini huku?"

"Kuchezesha nyonga, mama. Mgongo wake wa chini umekaza."

"Na yeye kasemaje?"

"Hakusema kitu."

"Huyo hasemagi. Hata chumba alipanga kwa kutikisa kichwa."

Nililazwa kwenye mkeka, mmoja akasimama kulia, mwingine kushoto. Dokta aliniambia nigandamize mgongo chini. Niligandamiza kwa nguvu zangu zote, mpaka mishipa ya shingo ikasimama, na bado kati ya mgongo na mkeka panya angepita. Dokta alirudia maelezo yake. Nikajaribu tena. Panya akapita tena.

"Niruhusu, dokta," alisema bibi.

"Karibu mama."

Bibi alipiga magoti, akaingiza vidole viwili chini ya mgongo wangu. Akaviacha hapo bila kubonyeza. Nikaona kwamba ule utulivu wa dokta, wa kuweka mkono na kusubiri, na bibi anao uleule.

"Huyu kabana pumzi," alisema. "Ndiyo maana kiuno kigumu kama kinu. Mtu akibana pumzi hapa hapachezi."

"Ehee!" Dokta aliruka kidogo. "Hilo ndilo nawaambia kila siku, hawanielewi."

"Unawaambiaje?"

"Wavute pumzi ndani, waitoe taratibu wakati misuli inakaza."

"Hawawezi kukuelewa kwa maneno hayo." Bibi akanigeukia. "We kijana, hapo juu ya tumbo lako kuna jiko la mkaa. Limezimika. Lipulize."

Nilipuliza. Nilipuliza kwa adabu, kama mtu asiyetaka majivu yamrukie. Mgongo wangu ukashuka wenyewe mpaka ukavigandamiza vidole vya bibi kwenye mkeka.

Hawakupiga makofi wala nini. Dokta aliinama akatazama, akasema, "Puliza tena." Nikapuliza tena. Halafu wakanisahau. Bibi alitaka kujua pale pembeni mwa pingili dokta anapabonyezaje, maana yeye mgongo wa mtu hukanda kwa kiganja tu. Dokta alichukua kidole gumba cha bibi, akakiweka mahali pake, akamwonyesha uzito unaotosha. Bibi akamuuliza amezaa watoto wangapi, akajibiwa wanne, akasema, "Naona, mikono yako haina papara." Nilikuwa nimelala katikati yao kama ubao, nasikiliza, na kwa mara ya kwanza tangu niumie sikuwa na aibu yoyote. Wale wanawake wawili walikuwa kazini, na kazi ilikuwa mgongo wangu.

Tulipokuwa tunatoka, mgonjwa mwingine alishaingia, mzee wa suti. Nilimsikia dokta akimwambia, "Mzee wangu, hapo tumboni kuna jiko la mkaa."

Njiani bibi aliweka masharti. "Mie nimefunda wasichana kuanzia hapa Tandika mpaka Mbagala. Mwanamume sijamfunda hata mmoja, na wewe sikufundi. Ya ndani yanabaki ndani. Hii ya hospitali ndiyo nitakusimamia, tena uani, mchana kweupe."

"Bibi, uani watu wananiona."

"Mficha uchi hazai," alisema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Asubuhi iliyofuata, jua lilipoanza kugusa ukuta wa bafu, mkeka ulikuwa umetandikwa katikati ya uani. Bibi alikaa kwenye kigoda na ndoo moja ya bluu yenye ufa, ambayo haitunzi maji tena, ameifudikiza mbele yake. Alianza kuipiga. Vidole viwili, kiganja, kimya. Vidole viwili, kiganja, kimya. Polepole mno. Nilipotaka kwenda haraka ili nimalize nikajifiche, alinyanyua mkono na ndoo ikanyamaza, nikabaki nimening'inia kiuno juu mpaka aliporudi kupiga.

Muuza vitumbua alikuwa anakoroga unga wake mlangoni.

"Bibi, mwali wako ana ndevu!"

"Ana ndevu na ana mgongo," alijibu bibi bila kukosa pigo. "Wewe wako ukoje, unavyoinamia hilo karai toka alfajiri?"

Wote walicheka. Nami nililala pale naangalia mawingu na sikufa. Siku ya nne walikuwa wameacha kucheka, wanapita na ndoo zao za maji wakikwepa miguu yangu. Wiki ya pili muuza vitumbua alitandika kanga yake pembeni yangu, akasema eti anajaribu tu. Hajaacha mpaka leo.

Nilikosea mara moja. Nilipoona maumivu ya paja yamepanda yakabaki kiunoni tu, nilifurahi, na siku ile bibi alikuwa msibani. Nikafikiri, kama kumi inasaidia, thelathini itaniponya. Nilipiga thelathini za kila zoezi, haraka, bila ndoo. Kesho yake sikuweza kuvaa soksi. Bibi alirudi akanikuta nimekaa kitandani na soksi mkononi.

"Ngapi?" aliuliza.

Nikaonyesha vidole vitatu.

"Msumari ukiugonga kwa pigo moja lenye nguvu za mapigo thelathini, unafanyaje?"

"Unapinda."

"Basi unajua zaidi yangu," akaenda zake kupika.

Siku tatu nilitembea tu, kwenda mwisho wa mtaa na kurudi. Kisha tukaanza tena na tano. Nilikuwa nahesabu siku zilizobaki za makabati, na zilikuwa chache. Dokta, nilipokwenda mara ya tatu, alinifundisha kunyanyua kitu kwa mapaja, kifua wima, mzigo karibu na tumbo, na kutogeuza kiuno kabla ya miguu. Alitumia kiti chake kama mzigo. Aliniambia jambo moja nililolishika. "Siku ya kazi, ukisikia panaanza kukaza, usingoje ufike nyumbani. Lala hapohapo ulipo, upulize, upige kumi. Ukijificha utaganda."

Siku ya makabati ikafika. Kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, kilirudishwa nyuma mpaka mlangoni. Kijana wa Manzese alikuwepo, amekaa kwenye rundo la mbao na mikono yake mizuri, anangoja kwa heshima. Sikuweza hata kumchukia. Fundi mkuu alinionyesha kona ya nyuma kushoto, nzito kuliko zote kwa kuwa ndipo penye droo.

Kabati la kwanza nilichuchumaa, nikalikumbatia, nikapuliza jiko. Likapanda. La pili pia. Kichwani nilikuwa nasikia ndoo, vidole viwili, kiganja. La tatu tulilipandisha vizuri, lakini nilipogeuka kurudi, pale chini pakashika. Kidogo tu, kama mtu aliyekugusa shati kukuita. Nikajua la nne litanikuta vibaya.

Msalani palikuwa karibu. Nilitazama ule mlango. Fundi mkuu alikuwa ananiangalia, na kijana wa Manzese alishasimama.

Nililala chali palepale, kwenye maranda, katikati ya karakana, nikakunja magoti na kunyanyua nyonga.

Kwanza walisogea kunitazama. Kisha yule mwenzangu, tuliyegeuza naye ubao wa mninga, akapasuka.

"Oya! Dogo kaanza kucheza singeli! Leteni simu!"

"Mwanangu, arusi ya nani?" mwingine akadakia.

Walicheka mpaka dereva wa kirikuu akashuka kuangalia. Nilishuka, nikapuliza, nikapanda tena. Sijui sauti ilitoka wapi. "Ukimaliza kucheka," nilimwambia yule mwenzangu, "nipigie kopo."

Wakacheka zaidi. Lakini mtu wa kwetu akiambiwa apige kitu hawezi kukataa. Aliokota kopo tupu la gundi, akaanza kulipiga kwa kasi.

"Taratibu," nilisema. "Vidole viwili, kiganja, acha."

Akapunguza. Nikapiga kumi, zote, nikageuka na kupiga magoti, nikafanya paka kumi mbele ya wanaume saba. Pale chini pakaachia kama kidole cha dokta kilikuwepo. Nikasimama, nikajipangusa maranda, nikaenda kwenye kona yangu.

"Yamebaki matatu," alisema fundi mkuu.

Tuliyapakia yote matatu. Kijana wa Manzese alisaidia kufunga kamba, na fundi mkuu akamwambia aje Jumatatu aanze na msasa, kuna nafasi ya msasa. Kisha akaja kwangu. Alichukua randa yake kubwa ya chuma, ambayo haazimi mtu, akaiweka juu ya benchi langu, akaenda kunywa chai.

Jioni nilimkuta bibi uani anachambua mchele.

"Umebeba?"

"Sita."

"Ulipiga?"

"Kumi kumi, bibi. Mbele yao."

"Pumzi?"

"Nilipuliza."

"Nani alikupigia?"

"Mwenzangu. Kwenye kopo la gundi."

Bibi aliacha mchele. Alinitazama kama dokta aliyesikia mgonjwa wake katibiwa njiani. "Kopo la gundi," alisema. "Kopo lina haraka. Litawavunja wote." Aliinuka kwa kushika magoti, akaitoa ndoo ya bluu nyuma ya mlango, akaifuta na pindo la kanga, akanipa.

Iko chini ya benchi langu mpaka leo. Mara nyingine mchana, wengine wanapokuwa hotelini kula, fundi mkuu huja, hunigusa bega, na kuisukuma kwa mguu kunielekea. Kisha hutandika gunia lake kwenye maranda na kulala chali, macho darini, anangoja nianze.